Simama Ukisikia Jina Lako

Jumatatu, 10 Januari 2000
Mvua. Tumerudi kazini kwenye msingi wa maabara mpya ya shule ya sekondari, na kila shimo tulilochimba kabla ya Krismasi limegeuka bwawa. Clive, mwenzangu wa toroli, kanipokea kwa makelele getini. "Jamani, Gog karudi! Nilidhani umeoa kondoo huko!" Gog ndilo jina wanalotuita watu wa kusini sisi tuliotoka kaskazini, kunakosemwa Kiwelisi. Halina ubaya. Lakini nimetoka nyumbani jana tu, na kwa wiki mbili nzima sikutamka neno la Kiingereza ila kwa mtu wa gesi, kwa hiyo limenichoma kidogo.

Nimeamua kuandika. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano nikaingia kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea, kwa hiyo mwandiko wangu ni wa kuku. Lakini huku bondeni sina mtu wa kuongea naye Kiwelisi jioni, na nikikaa kimya mno naanza kuota kwa Kiingereza.

Jumatano, 12 Januari
Mvua. Zege halikumwagwa.

Alhamisi, 13 Januari
Nimepanga chumba kwa Mama Prosser, mjane wa miaka sitini na kitu. Mumewe, Len, alifariki Oktoba. Anaishi na mjukuu wake Kirsty, wa miaka kumi na tano, ambaye mama yake yuko Bristol na mwanamume mwingine. Leo Kirsty kafukuzwa darasani, somo la Kiwelisi, mara ya pili tangu shule ifunguliwe.

"Umefanya nini tena?" bibi yake akamuuliza, huku akimtilia chipsi.

"Nilimuuliza tu Miss Pugh, Kiwelisi kitanisaidia nini nikiwa naosha watu nywele saluni. Akasema nikaulizie nje."

"Jibu zuri," nikasema.

"Wewe nyamaza, Gog. Darasa lililotutangulia waliruhusiwa kukiacha. Sisi ndio wa kwanza kulazimishwa mpaka miaka kumi na sita. Bahati gani hii? Hata wewe, Bibi, hukijui!"

"Mama yangu alikijua," Mama Prosser akasema. "Alikuwa anakitumia kanisani na kumsengenya baba. Sisi watoto hakutupa hata tone."

Huyo Miss Pugh ninamjua kwa sura. Ni binti mdogo, mnyoofu kama fimbo, anatoka kwetu kaskazini, upande wa milimani. Wiki yangu ya kwanza hapa, kabla ya Krismasi, mchanganyiko wa zege ulinimwagikia mguuni nikatukana kwa Kiwelisi, tusi refu la machimboni. Alikuwa dirishani na wanafunzi wake. Akafunga dirisha, pap. Nikasema moyoni, hawa waliosoma ndivyo walivyo, hata lugha ya mama yao ikivaa buti chafu hawaitaki.

Jumapili, 16 Januari
Marehemu Len alikuwa anafuga njiwa wa mashindano, wale wanaoachiwa mbali na kurudi wenyewe. Banda bado liko nyuma ya nyumba. Baada ya mazishi Mama Prosser aliwauza wote kwa mtu wa bonde la pili. Shida ni kwamba njiwa wa aina hiyo huwezi kumuuza akauzika. Nyumba yake ya kwanza ndiyo nyumba yake daima. Yupo mmoja mwenye mguu mmoja, wa pili aliukata kwenye waya, anarudi kila akifunguliwa. Anakaa juu ya paa la banda tupu akingojea Len amfungulie. Mnunuzi anakuja na kapu, anamchukua, anatukana kidogo, anaondoka.

Leo nimemwona Kirsty akimwekea mahindi. Aliponiona akaficha mkono. "Usimwambie Bibi. Analia."

Jumatatu, 24 Januari
Baridi. Mgongo.

Alhamisi, 27 Januari
Miss Pugh kanisimamisha getini. Kaniongelesha kwa heshima zote, kama mtu anavyoongea na baba wa rafiki yake. Akasema amesikia kwa Kirsty Prosser kwamba ninapanga kwao.

"Samahani kwa lile dirisha," akasema. "Nilifunga kwa sababu walikuwa wamenyamaza wote wanasikiliza. Miezi minne nawafundisha, hawajashika sentensi moja. Nikaona watashika ile."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye alicheka, kisha macho yakamjaa machozi ghafla, akageuka. Ana miaka ishirini na minne. Anasema kuna mzazi aliyemwandikia mkuu wa shule kwamba binti yake anateswa kwa lugha iliyokufa. Tulisimama pale mvuani tukizungumza Kiwelisi mpaka Clive akapiga mluzi. "Gog kapata mchumba!" Nilimhukumu vibaya yule binti.

Jumatatu, 31 Januari
Habari ya shule: siku ya kwanza ya Machi, Siku ya Daudi Mtakatifu, watafanya tamasha la ushairi kama la kwetu, ambapo mshindi hupewa kiti. Karakana ya shule inakichonga kwa mti wa mwaloni. Kila mwanafunzi wa Kiwelisi wa darasa la Kirsty lazima aandike shairi. Mada ni "Kurudi".

"Lazima!" Kirsty akasema. "Hata ushairi sasa ni lazima. Nitaandika, Kurudi, kurudi, basi limerudi, nimechoka."

"Andika hilo," nikamwambia. "Nimesikia mabaya zaidi yakishinda."

Alhamisi, 3 Februari
Nilikuwa navua buti. Kirsty akaja jikoni akasimama.

"Mjomba." Hajawahi kuniita hivyo. "Njiwa mnamwitaje?"

Nikamwambia. Akalirudia, akalikosea, akalirudia, akalipatia. Nikaona haya kuonyesha nilivyofurahi, nikajifanya kamba ya buti imekaza.

Jumatano, 9 Februari
Kila jioni baada ya chai tunakaa mezani. Yeye anaandika, mimi nagonga misumari ya buti zangu. Tumewekeana sharti. Neno nitampa, mstari hapana. Kwetu ukimwandikia mtoto shairi la mashindano ni sawa na kumwibia. Akiniuliza "nikitaka kusema paa lilikuwa limelowa nasemaje," namwambia "paa" na namwambia "lowa", kuunganisha ni kazi yake. Anaunganisha vibaya. Ninauma ulimi.

Leo aliniuliza kiti kinatolewaje. Nikamweleza jinsi ninavyokijua tangu utoto. Shairi unalipeleka na lakabu, jina lako halisi linafungwa kwenye bahasha. Jaji anatoka mbali, hakujui. Siku yenyewe ukumbi mzima umekaa, hakuna anayejua mshindi ni nani, hata mama yake mzazi. Lakabu inaitwa, tarumbeta inalia, na mtu mmoja kati ya mamia anasimama. Nikamwambia jinsi nilivyomwona mkata majani wa kijijini kwetu, mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimsalimia mara mbili, akisimama safu ya nyuma na koti lake la kazini, na ukumbi mzima ukageuka.

"Na walioshindwa?"

"Wanabaki wamekaa. Hakuna atakayewajua kamwe. Ndiyo raha yake. Unaweza kushindwa bila kuaibika."

Hilo lilimwingia. Shuleni akikosea wanamcheka, ndiyo maana huwa anaanza yeye kucheka.

"Kwa hiyo mimi nafanya nini?"

"Ukisikia jina lako, simama. Usitazame huku wala huku. Simama tu."

Akachagua lakabu: Mguu Mmoja. Kaniapisha nisimwambie mtu, hata bibi yake.

Jumapili, 13 Februari
Upepo. Njiwa karudi tena.

Jumapili, 20 Februari
Mnunuzi kaja mchana akiwa na hasira. Kasema hii ni mara ya mwisho, atamfungia ndani azalishe tu, hataona anga tena. Kirsty kamkabidhi njiwa mwenyewe, mkononi. Alipoondoka yule mtu, Kirsty kaingia jikoni kaandika ubeti wa mwisho bila kuniuliza neno hata moja.

Jioni katusomea. Ni beti nne fupi. Njiwa anarudi kwenye nyumba ambayo mwenyewe hayupo, hajui kuwa ameuzwa, hajui kuwa kuna kufa. Anajua njia tu. Vitenzi vimepinda, mahali pengine anaongea kama mtoto mchanga. Lakini nilikuwa nimeshika kikombe na sikukumbuka kunywa. Mama Prosser hakuelewa chochote ila jina la Len, na lilipotajwa alifunika uso kwa taulo la vyombo.

"Ni baya?" Kirsty akaniuliza.

"Kuna makosa," nikasema.

"Najua kuna makosa. Nimekuuliza kama ni baya."

"Hapana, mwanangu. Si baya."

Alikuwa anakitaka kile kiti, sasa najua. Alisema kitakaa pale pale kilipokuwa cha Len karibu na moto. Alisema kama utani, lakini alikuwa ameshapima nafasi kwa miguu.

Alhamisi, 24 Februari
Likizo fupi ya shule. Tumemwaga zege bila kelele za watoto. Kumepooza.

Jumanne, 29 Februari
Miss Pugh kanionyesha kiti. Kimepinda kidogo mkono wa kushoto, lakini ni mwaloni kweli. Jaji ni mchungaji wao wa nyumbani, Mchungaji Penri, aliyemfundisha yeye ushairi tangu mdogo. "Ni mtu wa haki sana," akasema. Nikasema vizuri.

Jumatano, 1 Machi
Nitaandika yote, kwa sababu nisipoandika nitakuwa naanza kuyabadilisha.

Asubuhi mkuu wa shule alituomba mimi na Clive tukibebe kiti mpaka jukwaani, kisha tukaruhusiwa kubaki, tukasimama mlango wa pembeni na kofia zetu ngumu mikononi. Ukumbi ulijaa, watoto kama mia sita, kila mmoja na ua la njano kifuani. Kirsty alikuwa katikati. Alikuwa amechana nywele. Hakunitazama.

Waliimba, wakacheza, wakapiga makofi. Kisha Mchungaji Penri akapanda. Mzee mrefu, miwani puani, karatasi mkononi. Akaanza kusoma hukumu yake kwa Kiwelisi, Kiwelisi cha kwetu, cha haraka na kizuri kama maji. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Miezi mingapi sijasikia mtu akisema lugha yangu kwa sauti kubwa mbele ya watu. Nilisimama pale nikiinywa, wala sikuwaza.

Kwa desturi yetu jaji haanzi na mshindi. Anaanza chini. Anawataja wote kwa lakabu, mmoja mmoja, na kusema kila mmoja kakosea wapi. Walioshindwa wanasikia, wanainama, hakuna anayejua. Jambo hilo ninalijua kama ninavyojua kuvaa suruali. Na ndiyo maana sikumwambia Kirsty. Halikunijia kabisa kwamba kuna mtu asiyelijua.

Aliita lakabu ya kwanza, hakuna aliyetikisika. Labda mwenyewe alikuwa anapiga soga. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akasema, "Mguu Mmoja."

Na Kirsty akasimama.

Alisimama wima kama nilivyomwambia, hakutazama huku wala huku. Mchungaji hakumwona, macho yalikuwa kwenye karatasi. Akawa anaendelea, lugha ya Mguu Mmoja ni ya mtoto wa miaka sita, Mguu Mmoja hajui kuunganisha sentensi mbili, na Kirsty kasimama anatabasamu. Wenzake wakamwona. Mwalimu mmoja wa michezo, asiyejua neno, akadhani ndiye mshindi, akaanza kupiga makofi. Ukumbi mzima ukafuata. Msichana wa tarumbeta jukwaani akashtuka, akadhani amechelewa, akapuliza.

Mia sita, na karibu wote wanasoma Kiwelisi kwa lazima kila wiki. Tuliokuwa tunaelewa tulikuwa watatu: mchungaji, Miss Pugh na mimi.

Kirsty akatoka kwenye safu yake. Akaanza kutembea kwenda kwenye kiti. Alikuwa amefika nusu ya njia mchungaji alipoinua macho. "Bado," akasema kwa Kiwelisi, kwa upole, akiinua mkono. "Bado, bado." Kirsty hakuelewa. Akadhani anaitwa. Akaendelea.

Miss Pugh akashuka ngazi za jukwaa akamshika bega. Akamnong'oneza. Nikaona uso wa Kirsty. Sitauandika.

Lakini haikuishia pale. Mchungaji alimaliza hukumu yake, ni mtu wa kumaliza. Akasema mashairi ya juu yaliyobaki ni nafuu kidogo, lakini kiti ni kiti, akikitoa kwa huruma atakuwa amekidharau. Hakuna aliyestahili. Hilo nalo kwetu ni jambo la kawaida, tunarudi nyumbani tunabishana. Huku hawajawahi kulisikia. Ikabidi Miss Pugh alitafsiri kwa Kiingereza mbele ya wote, mkono bado uko kwenye bega la Kirsty. Nilimwomba kimoyomoyo adanganye. Nani angejua? Akasema kweli. "Mwaka huu hakuna aliyestahili."

Safu ya nyuma ikatoka sauti ya mvulana: "Keti, Mguu Mmoja!" Wakacheka kama ukuta unaoanguka.

Kirsty alipita mlango wetu akikimbia. Alipita karibu nami kiasi cha kugusa koti langu.

"Mzee wangu," Clive akaniambia, "kuna nini hapo?"

Alhamisi, 2 Machi
Hakwenda shule. Mama Prosser anasema tumbo. Watoto wakati wa mapumziko wanaruka kwa mguu mmoja uwanjani. Clive aliwarushia donge la udongo. Wakaendelea kuruka mbali zaidi.

Ijumaa, 3 Machi
Miss Pugh kaja nyumbani saa ya chai. Kirsty hakushuka. Mama Prosser kamkaribisha kiti lakini hakumwekea keki, na huku kutowekewa keki ni tusi.

"Ungempa tu, mwanangu," Mama Prosser akamwambia. "Ubao na misumari. Ungepungukiwa na nini?"

"Angekuja kujua, Mama. Wangemwambia kila siku kwamba alipewa kwa kuonewa huruma."

"Na sasa wanamwambia nini?"

Miss Pugh akasema amemuuliza Kirsty kwa barua nani alimfundisha kusimama namna ile, kwa kuwa yeye darasani hakulifundisha. Kirsty kajibu chini ya barua ile ile: hakuna mtu.

Nikasema pale pale, "Ni mimi." Walinitazama wote wawili, na hakuna aliyenisaidia kwa kunilaumu. Mwishowe Miss Pugh akasema kwa Kiwelisi, taratibu, "Na mimi nilisahau pia. Nilikuwa nasikiliza." Kisha akasema mwaka wa shule ukiisha anarudi kwao. Sikumwambia abaki.

Jumapili, 5 Machi
Kirsty kashuka. Alikaa ngazi ya nyuma, banda mbele yake. Nikamwambia kosa ni langu.

"Najua. Alisema nini nilipokuwa nimesimama?"

Sikutaka. Akasubiri. Nikamtafsiria yote: mtoto wa miaka sita, sentensi zisizoungana. Kisha na lile la mwisho, ambalo makofi yalilifunika ila mimi nililisikia pale karibu na jukwaa: kwamba yeye mchungaji alimwona njiwa yule kwa macho yake, na kwamba alisikitika mwandishi hakupewa lugha nyumbani, angepewa angekuwa mshairi.

"Alisema hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Wakati wanapiga tarumbeta."

"Ndiyo."

Alifikiri. "Wewe ulikuwa mlangoni. Ulielewa kila kitu tangu neno la kwanza. Mbona hukupiga kelele? Ungesema tu, Kirsty, keti."

Nikamwambia ukweli, na ulikuwa mbaya mdomoni: kwetu jaji akiwa anasoma hakuna anayethubutu hata kukohoa.

"Huku kwetu mtu akianguka, anashikwa," akasema. Akaingia ndani.

Jumatano, 8 Machi
Kirsty karudi shule. Miss Pugh anasema anakaa mbele, hasumbui, hafukuzwi. Akiulizwa swali anajibu lile linalotakiwa na mtihani, wala hazidishi.

Jumatatu, 13 Machi
Chai. "Habari za kazi?" kaniuliza kwa Kiingereza. Nikajibu kwa Kiingereza. Ukawa ndio utaratibu.

Ijumaa, 17 Machi
Kazi yetu ya msingi imekwisha, wanakuja waashi wa kuta. Wanatupeleka kwenye daraja fulani karibu na mpaka. Mama Prosser kanifungia mkate wa zabibu, kanibusu shavuni, kasema chumba changu hatampa mtu mpaka Pasaka. Clive kanipa mkono: "Gog, mzee wangu, ukitukana, tukana kwa sauti, tutakusikia."

Basi langu lilikuwa la saa kumi, saa ambayo shule inatoka. Kituoni nikamkuta Kirsty na wasichana wawili wanakula chipsi kwenye karatasi. Nilikuwa nimebeba neno la kuagana tangu asubuhi. Kwetu kuna kuaga kwa mtu unayetegemea kumwona, na kuna kuaga kwa mtu unayempenda, na nilikuwa nimechagua. Nikafungua mdomo, nikaona wenzake wamegeuka kunitazama, mmoja ameshainua goti kama anayetaka kuruka kwa mguu mmoja.

Nikamuaga kwa Kiingereza.

Kirsty akanitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyotegemea, kama aliyekuwa akisubiri kitu kingine kisha akaacha kusubiri. "Haya, safari njema," akasema.

"Nani huyo?" mwenzake akamuuliza, nikiwa bado sijafika hata mlangoni mwa basi.

"Mpangaji wetu," akasema. "Alikuwa."